Kaburi Lisilofuata Safu

Mkubwa wangu wa kazi alikaa Lavington, nyuma ya ua mrefu wa michongoma na mlinzi mwenye filimbi. Aliwahi kupita Luxemburg akiwa njiani kwenda kwingine, na aliposikia kwamba nataka kwenda huko siku moja wakati wa kozi yangu ya Ubelgiji, aliniambia nisijisumbue. "Hakuna kitu pale," alisema. "Mji mkuu gani huo, unaumaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana?" Nilimjibu kwamba kwa viatu nilivyokuwa navyo mji wa namna hiyo ndio ulionifaa. Sikumwambia kwamba kaka yangu amezikwa pale, na kwamba mama amenituma nikamtazame amelazwa vipi.

Nianze na mama, maana safari ilikuwa yake. Mimi nilikuwa miguu tu.

Alikaa katikati ya Nairobi, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katika vyumba viwili alivyovipanga baba alipotutoa Mombasa kuja kufundisha chuo cha watoto msikitini. Baba alifariki, sisi tukakua, mimi nikaoa nikahamia Riruta, kule Satellite, lakini mama hakutaka kusikia habari za kuhama. Dirisha lake lilitazama Ngara, na Ngara ndiko kibla kilikokuwa. Kila swala alitandika msala mbele ya dirisha lile, na akishatoa salamu alibaki ameketi kwa muda, akitazama mapaa ya Ngara kama mtu anayengoja jibu. Kwangu Satellite kibla kilikuwa upande wa Kangemi. Kwa bibi yetu Mombasa kilikuwa upande wa Kisauni. Kote huko ni kaskazini. Nilikua nikijua kibla kama mtu anavyoujua mkono wake wa kulia, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Kaka yangu aliondoka mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati vijana walipokuwa wakipelekwa ng'ambo kusoma kwa makundi, huyu Urusi, yule Bulgaria, na waliobaki wakijifunza kufunga tai. Yeye alipata nafasi ya ufundi wa chuma. Siku ya safari mama alimfukizia udi, akamsomea dua, akamshika mabega akamwambia neno ambalo kwetu kila msafiri huambiwa: "Ushatoka mlangoni, usigeuke nyuma." Ni mila yetu. Msafiri akigeuka, safari humkorofikia. Kaka alikuwa mtiifu kupita kiasi, tabia ambayo mimi sikujaliwa. Kuanzia mlango wa nyumba hadi ngazi za ndege kule Embakasi hakugeuka hata mara moja. Sisi tulikuwa juu, kwenye roshani ya kupungia mikono, tukipungia koti jipya la rangi ya kahawia likipanda ngazi. Mama alifurahi. "Mwaona?" alituambia. "Huyo ndiye mwana aliyelelewa."

Hakurudi tena. Alimaliza masomo, akapata kazi katika kiwanda cha chuma kusini mwa Luxemburg, kile kinchi kidogo, akaugua kifua, akafia hospitalini katika mji mkuu. Habari ililetwa na barua ya kiwanda, yenye masikitiko makubwa na sarufi nzuri, ikisema kwamba amezikwa kwa heshima zote kwenye makaburi ya mji. Tulisoma hitima. Wanawake walijaa vyumba vile viwili hadi wengine wakakaa ngazini. Mama hakupiga kelele. Alichofanya ni kumuuliza kila aliyekuja, hata wasiojua Ulaya iko wapi: "Nani aliyemlaza? Kalazwa vipi?"

Mzee mmoja wa msikitini alimtuliza kwamba Mwenyezi Mungu hutazama nia, na kwamba maiti wa ugenini hana lawama vyovyote alivyozikwa. Mama alimsikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mola anamuona, hilo nalijua. Mimi ndiye nisiyemuona."

Baadaye, mimi na yeye peke yetu, aliniambia kilichomsumbua. Kila akimwota alimwona mgongo: koti la kahawia, ngazi, na mgongo. Alimwita, wala hakugeuka. "Mimi mwenyewe nilimkataza," alisema. Aliogopa kwamba wamemzika hivyo hivyo, wamemtupia upande wowote, na kwamba mpaka Kiyama atakuwa amemgeuzia kila mtu mgongo, Makka na mamake pamoja. Niliona ni mawazo ya mama aliyefiwa. Lakini miaka ilipita na swali halikuchoka.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani. Nilizunguka maduka ya mjini na mawe ya kupimia ndani ya mkoba, nikiwahakikishia watu kwamba walichouziwa ndicho walichobeba. Kazi hiyo humfanya mtu kuwa mkavu. Ukishaona wacha Mungu wangapi wanaotoboa mawe yao chini, huwi tena mtu wa kutokwa na machozi ovyo. Katika miaka ya sabini, tulipokuwa tunaacha ratili na kuingia kwenye kilo, nilipelekwa kozi ya miezi kadhaa Ubelgiji. Niliitazama ramani ukutani ofisini, nikaona kinchi kile kimebanwa pale pale jirani, nikajua mama hatanisamehe nisipokwenda.

Embakasi alikuja, akapanda roshani ile ile. Alinifukizia udi, akanisomea dua, akanishika mabega. Nilingoja neno la msafiri. Akasema, "Wewe geuka."

Niligeuka ngazini. Nikamwona mdogo sana pale juu, leso yake inapepea, ameinua mkono.

Huko Ubelgiji nilisoma vipimo wiki nzima, na Jumapili nililala. Nikiri pia, kwa kuwa bila hilo hadithi hii haieleweki, kwamba tangu nishuke kwenye ndege sikuwa nimeswali hata rakaa moja. Sikuasi, nilizembea tu, kama wanavyozembea wengi wakishafika mbali na macho ya mama zao. Kwa hiyo sikuwahi kuhitaji kumuuliza mtu yeyote huku tunaelekea wapi.

Nilikwenda Jumamosi moja ya Septemba, kwa treni ya asubuhi. Mkubwa wangu alikuwa amekosea. Mji ule haujapata ukubwa, lakini umepata mahali pa kukaa. Umewekwa juu ya mwamba, na katikati yake pamechimbika bonde lenye kina kirefu, na daraja la mawe limeruka juu yake kwa tao moja kubwa. Nilisimama katikati ya daraja nikatazama chini: bustani, kijito, mapaa meusi, bomba la moshi linalotoa moshi kidogo kama mtu anayevuta kiko baada ya kula. Ungechukua mteremko wa kutoka Upper Hill kuteremkia reli, ukauchimba mara kumi, ukaujaza miti, ungekaribia.

Nilijifanya mtalii, na nilijua najifanya. Nilinunua ramani ya mji stesheni. Nilikwenda kulitazama jumba la mtawala wao, nikakuta ni nyumba iliyopangana na nyumba nyingine mtaani, na askari mmoja mbele yake akitembea huku na huku akionekana kuchoka. Nilipita uwanja wa maua, nikasikiliza bendi ya wazee wenye tarumbeta ikipiga ndani ya kibanda chenye paa la duara, na kila walipomaliza watu walipiga makofi kwa kipimo, si machache wala si mengi. Watu walinitazama kidogo kisha wakaacha. Kimya cha mji kilikuwa kile cha Lavington siku ya Jumapili, tofauti ni kwamba hapa hapakuwa na mbwa wa kunibwekea. Ningeweza kuupenda mji ule. Lakini nilikuwa naogopa makaburi, na kila nilipoikunja ramani niliikunja upande ambao hayaonekani.

Mwishowe mitaa iliniishia, nikaenda.

Mlinzi wa makaburi alikuwa mzee mwenye aproni ya buluu na ndala za mbao. Sikuwahi kusema neno. "Yule Mwafrika?" aliuliza, akachukua ufunguo wake na kunitangulia. Tulipita kwenye njia nyeupe za kokoto, katikati ya makaburi ya mawe yaliyong'arishwa, yote yamejipanga kwa safu zilizonyooka ungedhani zimepigwa rula. Nilipendezwa nazo. Mtu wa vipimo hupendezwa na vitu vya namna hiyo.

Kisha tukafika mwisho, karibu na ukuta, na nikaliona la kwetu. Safu ilikuwa imenyooka mpaka pale, halafu kaburi moja lilikuwa limekaa upande, pembe yake imeingia kwenye njia, utadhani mlevi ameegeshwa penye foleni ya watu wenye adabu zao. Palikuwa na kibao cha mbao kichwani chenye jina la kaka yangu, na herufi moja ilikuwa imekosewa.

"Limekaa upande," mlinzi alisema kwa Kifaransa cha polepole ili nimwelewe, akiikata hewa kwa kiganja. "Linanisumbua nikisukuma toroli. Ndivyo walivyotaka wale waliomleta."

"Akina nani?"

Aliinua mabega. "Watu wa kiwandani. Wageni, kama yeye. Walibishana na wachimbaji kutwa."

Alinisaidia kuigeuza ramani ilingane na mitaa, maana ilikuwa na mshale wa kaskazini, kisha akaniacha. Kwetu maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso kwenye kibla, kwa hiyo ukijua kichwa kiko wapi unajua uso unatazama wapi. Kichwa kilikuwa kwenye kibao. Mshale wa ramani ulielekeza kaskazini, nyuma ya mgongo wake. Yeye alikuwa ametazama kusini na mashariki, kwenye ukuta, na nje ya ukuta barabara, na baada ya barabara sijui nini. Niliigeuza ramani tena, nikaipima tena. Kipimo hakikubadilika.

Niliumia. Sijui kulisema kwa njia nyingine. Nilikuwa nimemcheka mama moyoni miaka yote ile, na sasa nimesimama mbele ya jambo lile lile alilokuwa akiliogopa. Walimzungusha, wakabishana, wakachoka, wakamwacha alivyoangukia. Nikaelekea kaskazini kama nilivyofunzwa, nikamsomea Fatiha. Yaani tulikuwa tumepeana migongo, mimi na kaka yangu, baada ya miaka yote hiyo.

Nilirudi mjini bila kutazama kitu. Niliingia mkahawa mmoja uwanjani, nikaagiza supu, nikaona vipande vya nyama nisivyovijua vikielea, nikairudisha na kuomba mkate na jibini. Bendi bado ilikuwa inapiga. Nilikuwa natafuta cha kumwambia mama. Ningeweza kumwambia kwamba amelazwa vizuri, na angeniamini, na angekufa ameridhika. Mtu mwingine angefanya hivyo na asingekuwa mtu mbaya. Lakini nilikuwa nimekula mshahara miaka mingi kwa kuwanyang'anya watu mawe yaliyotobolewa, na sikuona ningemwekeaje mama jiwe la namna hiyo kwenye mizani yake. Ukweli nao sikuweza kumbebesha. Niliuacha mkate nusu. Nikalipa nikatoka.

Shule zao zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Katika mtaa mmoja mwembamba palikuwa na duka la vifaa vya wanafunzi, na kwenye dirisha lake, katikati ya mikoba na kalamu, walikuwa wameweka tufe la dunia, kubwa kama tikiti. Kwa bahati Afrika ilikuwa imegeukia kioo. Nilisimama kwa sababu ile ile inayomsimamisha mtu yeyote aliye mbali: nilitaka kuona kwetu. Nikaona Nairobi imeandikwa kwa herufi ndogo. Kidole changu kikapanda juu ya kioo chenyewe, kaskazini, kama ninavyopanda nikiswali, kupitia nyika na jangwa, kikavuka ile bahari nyembamba nyekundu, kikafika Makka.

Kidole kikasimama pale. Jicho langu liliendelea kupanda.

Mji niliokuwa nimesimama ndani yake ulikuwa juu zaidi, mbali huko, kushoto. Makka ilikuwa imebaki nyuma. Ndege yangu ilikuwa imepanda kaskazini usiku kucha ikaipita, nami nikiwa nimelala kwa mdomo wazi, na toka siku hiyo nimekuwa upande wa pili na sikujua. Niliangalia ramani yangu ya mji, nikaangalia tufe, nikalazimika kuinama kama mzee aliyedondosha miwani ili nione sawasawa. Kutoka hapa mtu anayetaka Makka huelekea kusini na mashariki. Huelekea ule ukuta.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mtaani. Mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu alihamia upande wa pili wa barabara.

Nilirudi makaburini karibu kwa mbio, mimi na viatu vyangu. Mlinzi alikuwa anajiandaa kufunga, akanitazama, akarudisha ufunguo mfukoni. Nililiendea lile kaburi nikalitazama upya, mara hii kama kazi ya mtu. Safu nzima ya wafu imenyooka, na wachimbaji wana desturi yao, na hawapendi wageni wa kuwaelekeza. Akasimama mtu, au watu, waliotoka zamu ya kiwandani, pengine Waturuki, pengine watu wa Algeria, sikuwahi kujua, wakasema hapana, huyu hatalala hivyo. Wakabishana kutwa kwa lugha isiyo yao kwa ajili ya maiti asiye wa kwao. Wakashinda. Herufi ya jina waliikosea, lakini uso waliuelekeza sawasawa kabisa. Mimi, ndugu wa tumbo moja, nilikuwa nimewatukana moyoni asubuhi ile ile.

Nililia, nami si mtu wa kulia. Mlinzi alijifanya anafagia.

Kuswali makaburini hakufai, hata mimi mzembe nalijua hilo. Nilitoka nje, nikazunguka ukuta, nikapata majani penye mti. Nikatandika koti langu nikaswali, mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani, nikielekea alikoelekea kaka.

Niliporudi Nairobi nilikwenda kwa mama kabla ya kwenda Satellite, na mizigo yangu nikaiacha ngazini. Hakuniuliza habari za kozi wala za baridi. Alitutilia kahawa, akakaa, mikono mapajani.

"Haya. Nambie. Kalazwa vipi?"

Nilichukua kikombe chake nikakiweka ukingoni mwa sinia upande wa ukuta. "Hapa ni sisi, mama. Nairobi." Nikaweka bakuli la sukari katikati. "Hapa ni Makka." Nikaweka kikombe changu upande wa pili, dirishani. "Na huku juu ni kule aliko. Sisi tukitaka Makka twatazama huku. Wao wakiitaka, watazama huku tuliko sisi. Nimepima mwenyewe. Waliomzika walikuwa Waislamu, na walimlaza ubavu wa kulia, uso kwenye kibla, sawasawa. Kaburi lake limekaa upande na safu ya wenzake, ili tu atazame hapa."

Mama alivitazama vile vikombe. Alinyoosha kidole, akakipitisha kutoka kikombe chake hadi kwenye sukari, akaendelea hadi kwenye kikombe cha pili. Kisha akakirudisha polepole njia ile ile.

"Kwa hivyo mimi nikiswali hapa..."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye kule alivyolala..."

"Ndiyo."

Chini dukani walikuwa wanapima kitambaa, nikasikia yadi ikigonga meza.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe, "na mimi nasema kanipa mgongo."

Adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Alikwenda kutia udhu, akarudi, akatandika msala mbele ya dirisha lake kama siku zote. Lakini kabla hajainua mikono alisita. Akaenda kwenye kioo kidogo kilichokuwa ukutani, akapangusa maji usoni, akaitengeneza leso yake vizuri kichwani pande zote mbili, akajitazama tena, ndipo akarudi dirishani akasimama mbele ya mwanawe.